Chuo cha Mweka na Kaunta Buku za Mama

Katika kabati la vyombo nyumbani kwetu Mweka kuna kaunta buku saba, ya kwanza ikiwa imeliwa na mende pembeni, ambamo mama yangu amekuwa akiandika madeni ya wanachuo tangu nilipokuwa sijaanza shule. Likizo yangu ya Julai, mwezi ambao ukungu hushuka kutoka msituni mchana mweupe na kutulazimisha kukaa karibu na moto, niliitumia kuzisoma zote. Nilipoimaliza ya saba niliamini kwamba ni wachache walioweka kumbukumbu za kukua kwa chuo hiki kwa uaminifu kama mama, ingawa yeye alichotaka kujua ni nani tu ambaye hajalipa ndizi zake.

Chuo ninachokizungumzia ni Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, jina ambalo ukilitaja stendi ya Moshi utachelewa kueleweka. Ukimwambia kondakta kwamba unakwenda Mweka chuoni, inatosha. Kiko kama kilomita 14 kutoka mjini, juu kidogo ya migomba yetu, na ukiendelea kupanda utafika kwenye lango la hifadhi ambalo wageni wa Mlima Kilimanjaro hulitumia kushuka na si kupanda. Mtu akifika kwa mara ya kwanza huuliza swali ambalo hata sisi watoto tulikuwa tukiulizana: mbona chuo cha wanyamapori kimewekwa mahali ambapo mnyama pekee wa kumwonyesha mgeni ni mbega anayeruka juu ya miti, au komba anayelia usiku kama mtoto mchanga? Jibu walilotupa wakubwa ni kwamba wanachuo husomea darasani hapa penye baridi na maji, kisha hupakiwa kwenye malori, na kwa mwendo wa siku moja wanakuwa Tarangire, Manyara au Ngorongoro. Mwalimu wetu wa shule ya msingi alikuwa na jibu fupi zaidi. Alisema kwamba hata wanaosomea ubaharia hawalali baharini.

Historia yake ninaifahamu zaidi kutokana na vitabu kuliko kutokana na wazee, kwa sababu wazee wetu walikumbuka tu malori ya saruji. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, ulifanyika mkutano mkubwa mjini Arusha kuhusu hifadhi ya mazingira katika mataifa mapya ya Afrika, na Mwalimu Nyerere, wakati huo akiwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, alitoa tamko ambalo hadi leo huitwa Tamko la Arusha juu ya wanyamapori, lisichanganywe na Azimio la Arusha la 1967. Ndani yake aliahidi kwamba nchi yake ingewatunza wanyama kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu, kisha akaongeza jambo ambalo wanaopenda kulinukuu tamko hilo hulipita haraka: kazi hiyo inadai utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na mataifa mengine yalipaswa kusaidia. Hilo halikuwa jambo la kupamba hotuba. Nchi ilikuwa inakaribia kujitawala ilhali maofisa wa wanyamapori walikuwa karibu wote Wazungu, na Mwafrika katika idara hiyo alikuwa askari wa doria, mbeba mizigo au mfuatilia nyayo. Mkuu wa idara ya wanyamapori wa Tanganyika, Bruce Kinloch, ndiye aliyehangaikia kuanzishwa kwa chuo cha kuwafunza Waafrika kushika nafasi hizo, na mwaka 1963 chuo kikafunguliwa hapa Mweka, mkuu wake wa kwanza akiwa Hugh Lamprey, mwanabiolojia aliyekuwa amefanya utafiti wa wanyama Tarangire. Miaka michache baadaye Lamprey alihamia Serengeti kuongoza taasisi ya utafiti, lakini mfumo wa mafunzo ya darasani yanayokwenda sambamba na safari ndefu za porini ulibaki.

Tangu mwanzo hakikuwa chuo cha Watanganyika peke yao. Kiliwekwa kwa ajili ya nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza, na kilipotimia miaka saba nchi zinazotumia Kifaransa zikapata cha kwao huko Garoua, Kamerun. Kwa hiyo mimi, mtoto wa mkulima wa kahawa ambaye Dar es Salaam niliiona nikiwa na miaka kumi na tisa, niliwajua Wazambia, Wamalawi, Waganda, Wabotswana na Waghana kabla ya kuwajua Wazaramo.

Kaunta buku ya kwanza, ya miaka ya themanini, inaonyesha hilo. Mama hakuandika majina kwa kuwa yalimshinda kutamka, na mtu asiyeweza kulitamka jina la mdeni wake atamdaije? Aliandika nchi na alama: Malawi mwenye ndevu, Zambia wa miwani, Uganda mfupi. Madeni yenyewe yanaeleza mwanachuo wa wakati huo alikuwa mtu wa namna gani. Utakuta mkungu mzima wa mchare, jogoo wawili, lita ishirini za mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa ajili ya sherehe ya kumuaga mtu, na mara nyingi mwishoni mwa ukurasa neno moja lililopigiwa mstari mara mbili: AMELIPA. Hayo ni manunuzi ya watu wazima wenye mishahara. Wengi wao walikuwa tayari watumishi wa hifadhi na idara za wanyamapori katika nchi zao, walioletwa na waajiri wao kusomea cheti au stashahada, wakiwa wameacha wake na watoto nyumbani, na baadhi yao walikuwa na umri wa baba yangu. Walilala mabwenini, walikula bwaloni, walivaa sare, na waliposhuka kijijini jioni walishuka kama wageni wenye heshima zao. Sisi watoto tuliwapisha njia.

Mmoja wao, nadhani ndiye yule Malawi mwenye ndevu, alikuwa amefundishwa na wenzake kwamba Mtanzania husalimiwa kwa neno shikamoo, lakini hakuambiwa kwamba neno hilo lina mwelekeo. Alinikuta njiani nimebeba majani ya ng'ombe kichwani, nikiwa na miaka kama sita, akasimama kando, akainamisha kichwa na kunipa shikamoo ya nguvu. Nilitupa mzigo nikakimbia, kwa sababu niliamini kwamba mtu mzima anayemwamkia mtoto anataka kumwiba. Jioni alikuja nyumbani kuomba radhi akiwa na kipande cha sabuni ya kuogea, na kwa kuwa ilikuwa ile miaka ambayo sabuni ilipangiwa foleni kama dawa, mama alisema mtoto mwingine naye angeweza kuamkiwa.

Mganda mfupi alileta mgogoro wa aina nyingine. Kwao ndizi hufungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke mpaka zinaiva, kisha zinapondwa. Kwetu ndizi hupikwa pamoja na nyama zikawa machalari, au hupondwa na mchuzi wake zikawa mtori wa kumpa mzazi. Aliposikia kwamba mama anaweka nyama na ndizi katika sufuria moja tangu mwanzo, alimtazama kama mtu anayeshuhudia uharibifu wa mali ya umma. Walibishana kwa wiki nzima, yeye kwa Kiswahili cha kuokoteza na mama kwa Kiswahili chenye Kichaga ndani yake, mpaka Jumapili moja akaja na majani yake aliyoyababua motoni, akapika kwa namna yao katika jiko letu, na baba akala sahani mbili bila kusema neno. Mama aliandika siku hiyo: Uganda, ndizi chane nne, asidaiwe.

Maisha ya kijiji yalifuata ratiba ya chuo kuliko tulivyokiri. Malori yakiondoka kwenda safari ya mafunzo yakiwa na mahema, masufuria na wapishi, mauzo ya mama yalianguka kwa wiki kadhaa. Yakirudi yakiwa yamefunikwa na vumbi jekundu, alikesha akichemsha ulezi wa mbege. Tulijua majina ya mahali ambapo hatujawahi kufika kwa kuyasikia kwa wanachuo: Kwakuchinja, ambako chuo kina kambi yake katikati ya Tarangire na Manyara, Serengeti, Selous. Walirudi wamekonda, weusi zaidi, na hadithi za nyati. Mara moja kwa mwaka shule yetu ilipelekwa chuoni kuangalia mafuvu, pembe na wanyama waliokaushwa na kujazwa, na ndipo watoto wa Mweka tulipomwona simba kwa mara ya kwanza, akiwa na macho ya kioo. Ninakumbuka kwamba kilichonishangaza si simba bali usafi wa sakafu.

Wanawake walikuwa wachache mno miaka hiyo, na mwanachuo wa kike akionekana barabarani amevaa sare na buti, habari zilimtangulia mpaka sokoni. Shangazi yangu aliwahi kumuuliza mmoja wao iwapo mume wake anajua aliko. Yule dada alijibu kwamba mume wake anajua, na kwamba bunduki pia anajua kuitumia, na shangazi hakuuliza tena.

Sasa, ukitoka kaunta buku ya tatu na kuingia ya nne, mwandiko ni ule ule lakini watu wamebadilika, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wanaposema kwamba chuo kimekua huhesabu madarasa na mabweni mapya, wakati jambo kubwa lililotokea Mweka ni kubadilika kwa mtu anayepita getini. Chuo kilianza kuwapokea kwa wingi vijana waliotoka moja kwa moja kidato cha nne na cha sita, ambao hawajaajiriwa na yeyote; juu ya cheti na stashahada zikaja shahada; na pamoja na usimamizi wa wanyamapori yakaongezeka masomo ya utalii. Sababu zake hazikuwa za siri. Nchi iliyofikia Uhuru ikiwa na hifadhi za taifa tatu tu, Serengeti, Manyara na Ngurdoto, leo ina zaidi ya 20, mapori ya akiba na jumuiya za hifadhi za vijijini haviko katika hesabu hiyo, na utalii umekuwa mlango wa ajira ambao kila mzazi anautaja. Mwajiri aliyekuwa akimleta mtu wake mmoja na kumlipia kila kitu hakuweza tena kuwa chanzo pekee cha wanafunzi. Mzazi wa Musoma au Singida aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome naye akaingia katika hesabu.

Kijana huyo hanunui mkungu. Katika kaunta buku ya nne ndizi zimeanza kuandikwa kwa chane, katika ya tano kwa vidole: ndizi sita, mayai mawili, mkaa kopo moja, vocha ya 500. Neno AMELIPA limepungua, na mahali pake pamejaa maneno kama "akipata" na "mwisho wa mwezi", ingawa mwanafunzi hana mwisho wa mwezi. Mama hakuandika tena nchi, kwa kuwa wengi walikuwa Watanzania, aliandika chumba. Mrefu wa chumba cha tatu. Wale wawili wa chumba cha kwanza. Dada wa Mara.

Vyumba hivyo ni vyetu. Baba yangu alikuwa na mibuni aliyoirithi kwa babu, naye babu aliipanda mwenyewe, na sisi wote tulisomeshwa kwa kahawa hiyo mpaka bei zilipoporomoka baada ya mwaka 1989, pale mapatano ya nchi zinazouza na kununua kahawa duniani yalipovunjika. Kwa miaka kadhaa baba aliendelea kupalilia na kupiga dawa kana kwamba bei zilikuwa zimekwenda safari na zingerudi. Wengine kijijini waling'oa mapema wakapanda nyanya. Yeye alisubiri mpaka siku alipopiga hesabu ya dawa, vibarua na mauzo, akaona kwamba kila kilo aliyoipeleka chama cha msingi ilimgharimu kuliko alicholipwa. Katika wiki hiyo hiyo vijana wawili waliokosa nafasi bwenini walipita wakiuliza iwapo kuna mtu mwenye chumba cha kupangisha.

Asiyekuwa Mchaga anaweza asielewe kwa nini jambo hilo lilichukua miezi minane na vikao vitatu vya ukoo. Kihamba si kiwanja. Ni ardhi ambayo huwezi kuiuza ukabaki na uso wa kutazama watu, yenye makaburi ya babu na bibi pembeni mwa nyumba na masale yaliyopandwa mpakani, na kumlaza humo mtu usiyejua ukoo wake kulikuwa sawa na kumkaribisha mgeni chumbani kwa wazazi. Baba mdogo alipinga kwa maneno makali. Aliuliza kama tutakuwa tunawaeleza wajukuu kwamba mahali hapa palikuwa kwa babu yao au chumba namba nne. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba ataje bei ya kahawa ya mwaka huo, na kikao kikafungwa. Mibuni arobaini na mitatu iling'olewa upande wa chini, na mahali pake vikasimama vyumba vinne vya tofali za saruji na bati, choo cha nje na bomba moja. Upande wa juu kahawa ipo hadi leo, na baba haruhusu mtu yeyote kuanika nguo juu yake.

Tangu hapo maisha ya wanachuo tuliyoyajua kwa kuyatazama kwa mbali yakahamia uani. Niliyaona vizuri wakati wa likizo zangu, kwa kuwa nami nilikuwa nikisoma chuo kingine kidogo mbali na nyumbani, na ninaweza kusema bila upendeleo kwamba geto la mwanachuo ni lile lile popote: godoro chini, ndoo mbili, jiko la mkaa ambalo baadaye limekuwa mtungi mdogo wa gesi, waya wa kuanikia sare, na ukutani ratiba ya mitihani iliyochorwa kwa rangi tatu na ambayo hakuna anayeifuata. Wiki mbili kabla ya mitihani taa hazizimwi. Husikia mtu akikariri majina ya Kilatini ya swala usiku wa manane, huku mwenzake akimsahihisha kwa hasira. Matokeo yakitoka, kuna anayeimba na kuna anayejifungia kwa kuwa amepata supu, yaani atarudia mtihani, na mama humpelekea mtori bila kumuuliza chochote. Mtori huo hauandikwi kwenye kaunta buku. Nilitafuta.

Baridi ndiyo adui wao wa kwanza. Kijana wa Tabora au wa Lindi aliyefika Mweka mwezi wa Juni na shuka moja hujifunza haraka kwamba mlima huu si picha ya kalenda, na kila mwaka mama hukopesha mablanketi ambayo mengine huondoka na wenye vyumba mpaka Katavi. Adui wa pili ni mtandao wa simu. Katika kihamba chetu mahali ambapo simu hushika vizuri ni juu ya kaburi la babu, ambalo lilisakafiwa na kuinuliwa kidogo, na baada ya muda wapangaji wote walikuwa wakikaa pale jioni wakipakua notsi na kusoma. Nilidhani baba angewafukuza. Alisimama mlangoni akawatazama vijana watano wameegemea kaburi la baba yake wakijadiliana kuhusu magonjwa ya twiga, akasema kwamba mzee hakupata kusoma hata darasa moja, basi acha asomewe.

Si kwamba hapakuwa na ugomvi. Kulikuwa na miziki ya usiku, kulikuwa na bili ya maji ambayo kila chumba kinaamini imetumiwa na chumba kingine, na kulikuwa na wanaume wa kijijini waliowaona wapangaji wa kike kama mali iliyoletwa kwa ajili yao, jambo lililomfanya baba kuwa mlinzi wa geti akiwa na umri wa miaka sabini. Kijana mmoja aligombana naye vibaya kwa sababu ya redio, akamjibu maneno ambayo hapa siyaandiki. Wenzake wa kijijini wakamweleza afanye nini. Kesho yake asubuhi alikuja amevaa sare ya chuo, ameshika jani la sale kwa mikono miwili, akasimama mbele ya baba bila kusema neno. Kwa Wachaga aliyeletewa sale hawezi kukataa kusamehe, na baba, ambaye alikuwa amepanga kumtoa mwisho wa wiki, alibaki akimtazama huyu Mkurya aliyejua mila ya watu kumzidi hata mtoto wake wa kumzaa. Kijana huyo alikaa kwetu mpaka mahafali.

Ninasimulia hayo kwa sababu nina maoni ambayo wakufunzi huenda wasiyapende. Kwa muda mrefu chuo kilifundisha kwamba kazi ya ofisa wa wanyamapori ni mnyama, na mwanakijiji alitokea katika somo kama jangili au kama tatizo la mpaka. Baadaye mafunzo yalibadilika, yakaingia masomo ya ushirikishwaji wa jamii, na kila mwanachuo siku hizi anajua kusema kwamba uhifadhi hauwezekani bila wananchi. Lakini mtu aliyelala bwenini na kula bwaloni alilijua jambo hilo kwa kulisoma tu. Aliyepanga kwetu ameamshwa saa kumi na moja alfajiri na mama akinoa mundu wa kukatia majani, ameona ng'ombe wawili wa ndani wanaokula mzigo mmoja asubuhi na mwingine jioni, na anajua kwamba majani hayo hayaoti uani. Upungufu wa mabweni, ambao kila mtu aliuita tatizo, umewapa wanachuo hawa somo ambalo hakuna aliyelipanga katika mtaala. Najua kwamba mwenye nyumba ana sababu zake za kusema hivyo, na ninakubali kwamba kodi ya vyumba ndiyo iliyonilipia mwaka wangu wa mwisho.

Majani hayo ndiyo yanayomleta kwetu mwanachuo wa aina ya pili, yaani yule anayekuja na dodoso. Juu ya kijiji kuna ukanda wa msitu tunaouita Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wa mlimani wapate kuni, miti na majani bila kuingia msitu mkubwa. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ya taifa iliteremshwa kuingiza msitu, na tangu hapo suala la nani aingie, siku gani, na akate nini limekuwa mjadala usiokwisha katika vijiji vyote vya kando. Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti wa kuhitimu, ambaye hana nauli ya kwenda Ruaha, mjadala huo uko mwendo wa dakika kumi kutoka chumbani kwake. Kwa hiyo mama yangu amehojiwa. Amehojiwa kuhusu kuni, kuhusu majani, kuhusu mbega wanaokula parachichi, kuhusu iwapo anaona faida ya utalii kwa kiwango cha kubwa sana, kubwa, wastani, ndogo au hakuna. Amehojiwa mara nyingi kiasi kwamba huwasahihisha. Aliwahi kumwambia kijana mmoja kwamba swali lake la saba na la kumi na mbili ni swali moja, na kijana alipokwenda kwa msimamizi wake alirudi akiwa amelifuta la kumi na mbili.

Siku tatu kabla ya mimi kuondoka alikuja binti mmoja mwenye sare iliyopigwa pasi na kishikwambi mkononi, akasalimu vizuri, akakaribishwa ndizi za kuchoma. Maswali yalikuwa yale yale. Mizigo mingapi ya majani kwa wiki? Nani katika kaya hukata? Umbali gani? Mama alijibu yote huku akimenya, bila kuinua macho, kwa namna ya mtu anayesoma ratiba ya basi. Walipofika mwisho akamuuliza binti iwapo fomu yake ina mahali pa kuandika ni wanachuo wangapi wanaokaa katika kihamba kimoja, na mkaa kiasi gani wanachoma, na maji kiasi gani, maana yeye ana hesabu hizo kwa miaka yote na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Binti alipekua kishikwambi chake juu na chini, akasema kwamba swali hilo halimo.

"Hakuna sehemu ya maoni mengine?"

Ilikuwepo. Mama alinawa mikono, akaenda kabatini, akarudi na kaunta buku ya saba na ya sita, akavaa miwani, akaanza kumsomea chumba kimoja kimoja. Binti aliandika kwa muda mrefu kiasi kwamba betri ilianza kulalamika, nami nikaenda kumtafutia chaja. Niliporudi walikuwa wamefika chumba cha pili, na mama alikuwa akimwomba aongeze, kwa kuwa naye anasoma darasa moja na mwenye chumba hicho, kwamba maji ya Mei na Juni bado hayajalipwa.